Mashine ya santuri haijafa, imekauka tu: kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaonitumia picha za mashine za santuri mlizozikuta stoo kwa babu Kondoa au Mpwapwa, swali lenu ni lile lile, itapona kweli? Mara nyingi inapona. Ila usiichomeke kwenye umeme kwanza, nawaomba sana.

Iliyokaa miaka 30 haijafa, imekauka. Grisi ya kwenye ekseli imegeuka kama gundi, mpira umekuwa mgumu, na hapa Dodoma vumbi la Agosti na Septemba limeingia kila tundu. Sasa ukiwasha, mota inahangaika kusukuma kitu kilichoganda, inapata moto, waya zinaungua, hapo ndo umeiua wewe. Zungusha kwa mkono kwanza ile sahani ya chini inayobeba santuri. Ikigoma, toa sahani ya chini, futa grisi ya zamani yote kwa spiriti, weka tone moja au mawili ya oili ya cherehani, basi. Oili ya kula hapana, hiyo nayo inaganda. Lile gurudumu dogo la mpira, linalotoa mzunguko kwenye mota na kuupeleka kwenye sahani ya chini, lifute kwa spiriti na oili isiliguse kabisa, likiteleza tu muziki unayumba.

Halafu soma kibandiko cha nyuma. Hii ndo ilinisumbua mimi karibu miezi miwili. Mzee mmoja wa Chamwino alinipa mashine ya Marekani nimtengenezee, nikainunulia transfoma ya kushusha umeme mpaka 110, ikawaka vizuri, lakini wimbo ukatoka mzito, mwanamke anaimba kama mwanaume. Nikabadilisha kapasita, nikafungua mota mara tatu, wapi. Kumbe umeme wa Marekani ni hezi 60 (yaani mawimbi 60 kwa sekunde) na wetu ni 50, transfoma inashusha volti tu hezi haizigusi, na mota za aina ile zinafuata hezi, kwahiyo badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ilikuwa inaenda kama 28. Dawa yake ni kubadilisha kile kigurudumu kidogo cha chuma (puli) kwenye shafti ya mota kiwe kinene zaidi. Fundi wa kukereza vyuma alinichongea, tulipima kwa kaliper mara nne tukipunguza kidogo kidogo.

Sindano usihurumie pesa. Sindano iliyoisha inakwangua sahani (santuri yenyewe) na ule mkwaruzo hauondoki tena. Na sahani za 78 (zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika) zina mfereji mpana, zinataka sindano yake nene, ya LP (sahani kubwa za mizunguko 33) inazama chini inaburuza uchafu. Mashine nyingi za zamani zina kitufe cha kugeuza sindano, upande mmoja 78 mwingine LP, angalia kabla hujashusha mkono. Uzito wa sindano inavyokandamiza sahani pia pima, mizani ndogo ya sonara inatosha, vichwa (vile vinavyoshika sindano) vya seramiki vinabeba kama gramu 4 au 5, vya sumaku gramu 2 hivi. Watu wanabandika sarafu juu ya kichwa ili isiruke, jamani msifanye hivyo, ikiruka safisha sahani kwanza.

Kuosha nako kuna jambo. Sahani za LP na 45 (zile ndogo za mizunguko 45) ni plastiki, maji na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, ila maji ya bomba ya hapa kwetu yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe ndani ya mfereji, mi natumia maji ya betri (yale masafi, sio asidi). Karatasi ya katikati isilowe. Ila 78 nyingi zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu, na spiriti inaiyeyusha. Niliharibu moja hivyo mwaka wangu wa kwanza na bado inaniuma, maana sijawahi kuona nyingine kama ile.

Zihifadhi zimesimama, mbali na dirisha, bati la Dodoma saa nane mchana linapinda LP kama chapati.

Ile mashine ya Marekani nilimrudishia mzee wa Chamwino Jumapili jioni. Alitoa sahani ya Morogoro Jazz, akaishika kingoni tu kwa viganja bila mtu kumfundisha, akaiweka mwenyewe. Gitaa la kwanza lilipoingia akasema, "Eeh, sasa ndo mwendo wake," tukakaa kimya mpaka upande ukaisha, akaigeuza.