Komunyo, ubatizo na kanisa la kuazima: majibu kwa wasomaji

Mimi Mwanglikana, mume wangu Mkatoliki. Tukienda Misa pamoja, kwa nini nisipokee Komunyo? (Malindi)

Kanisa lake halijaruhusu, na paroko hawezi kukuruhusu kwa huruma yake tu. Kanuni ya 844 ya sheria za Kanisa Katoliki inamfungulia Mprotestanti mlango akiwa katika hatari ya kifo, au katika dharura nzito anayoitambua askofu. Hata hapo, awe hawezi kumfikia mhudumu wa kanisa lake, aombe mwenyewe, aikiri imani ya Kikatoliki kuhusu Ekaristi (ndiyo Komunyo), na awe amejiandaa kiroho. Jumapili ya kawaida Malindi haimo. Kwenu mumeo atakaribishwa mezani, ila Kanisa lake linamkataza. Kabla ya Misa, muulize paroko kama unaweza kwenda mbele na mikono umeipishanisha kifuani, upewe baraka. Kujipenyeza kimyakimya kwenye foleni si umoja, ni kumweka padri pabaya mbele ya waumini.

Nimehama kanisa, naambiwa nibatizwe tena. (Watamu)

Jamani, swali hili tena! Ulibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu? Basi umebatizwa. Cheti kikipotea, jina lako limo katika kitabu cha ubatizo kule ulikobatizwa. Wanaobatiza watu wazima tu wana hoja yao, lakini anayekuzamisha ili aongeze hesabu ya waumini anabomoa msingi ambao tayari tunao pamoja.

Juisi ya zabibu yafaa kwa Komunyo?

Kwa Wamethodisti ndiyo. Kwa Wakatoliki ni divai ya zabibu.

Wachungaji na mapadri wetu si waadhimishe Meza ya Bwana pamoja siku moja, yaishe? (Malindi)

Hayaishi. Juni 1913 kule Kikuyu, Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, wakashiriki wamisionari wa madhehebu kadhaa. Mwanglikana mwenzake, Askofu Weston wa Zanzibar, akawashtaki kwa uzushi Peel na Askofu Willis wa Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Walifika mezani kabla ya kukubaliana nani ana mamlaka ya kuadhimisha, na donda hilo halijapona.

Anzeni na wiki ya kuombea umoja, 18–25 Januari. Kaeni kikao Novemba, si wiki moja kabla. Mhubiri asitoke kanisa mwenyeji, wala asitangaze mikutano ya kwao. Kirini Imani ya Mitume. Sadaka inakwenda wapi, andikeni mapema, maana ugomvi huanzia hapo.

Paa letu limeng'oka. Tunaweza kusali katika kanisa la Wakatoliki? (Mpeketoni)

Mnaweza, askofu wao akikubali. Pelekeni barua kupitia paroko, mtaje siku, saa, na nani atalipia umeme na usafi. Tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, msiiguse: paroko ndiye atakayeamua Ekaristi ihifadhiwe wapi mkiwa humo.