Baba alituingiza chini ya kitanda

*Shangazi, shikamoo. Sisi ni Wakongo wa Fizi. Tuliingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 1997, sasa tuko Louisville, Kentucky. Tarehe 4 Julai Wamarekani walipopiga fataki za sikukuu yao ya uhuru, mume wangu alizima taa zote akatuingiza chini ya kitanda, mimi na watoto, hadi saa nane usiku. Tangu hapo halali. Kiwandani, kwenye kuku, ameshapewa onyo mara mbili. Tulienda kliniki, kijana wetu wa miaka 11 akawa mkalimani. Baba akasema kichwa tu kinamuuma, tukapewa vidonge. Mchungaji anasema ni mapepo. Mwenyewe anasema, "Mimi si kichaa."*

*Mama Watoto, Louisville*

Marahaba, mama. Si kichaa kweli. Mwili wake ulijifunza huko Fizi, wakati wa vita, kwamba mlio kama ule maana yake kimbia, na haujapata habari kwamba mmeshavuka bahari. Hicho ni kiwewe, na kina tiba.

Lakini baba gani atasimulia aliyoyaona kupitia kinywa cha mwanawe? Hata mimi ningesema kichwa. Rudini bila kijana. Kliniki inayopokea fedha za serikali ya Marekani inatakiwa kuwapa mkalimani bure, hata wa simu. Mimi nampendelea wa simu: hamsali naye kanisa moja. Akiwa na Kiswahili cha Mombasa kisichowaingia, ombeni wa Kongo. Daktari aelezwe fataki, usingizi, ndoto, yote.

Ulizeni pia tiba ya kusimulia. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake. Penye furaha huweka ua, penye ubaya jiwe. Kisha husimulia jiwe kwa jiwe, bila haraka, kikao baada ya kikao. Kule Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kwa njia hii na wakimbizi wenzao waliofunzwa, wakapata nafuu.

Mchungaji aombe, sina neno, mradi asimkataze dawa.

Akishtuka usiku usimshike. Washa taa, muite jina ukiwa mbali kidogo, umwambie mko Louisville. Akianza kusema heri afe, usingoje miadi: piga 988, simu ya Marekani ya kuwasaidia wanaowaza kujiua, saa yoyote, uombe mkalimani.

Na mkesha wa mwaka mpya fataki zinarudi. Mkumbusheni tarehe mapema, fungeni madirisha, wekeni kwaya kwa sauti ya juu.