Shangazi, dalali anataka tujifanye mume na mke ili tupate chumba

Kuna binti kaniandikia kutoka Moshi, yuko chuo mwaka wa pili, hosteli kakosa, kwa sasa anabebwa na rafiki yake kwenye kitanda cha futi tatu na kila matroni akipita anajificha. Kapata chumba Longuo, karibu na hospitali ya KCMC, elfu 70 kwa mwezi, ila mama mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo na hataki wanachuo, anataka watu wenye ndoa zao. Sasa dalali kamwambia yeye na mkaka wanayesoma naye, "semeni mmeoana, nani atawaomba cheti?" Mkaka kakubali chapchap. Binti anasema hawana kitu kati yao, anauliza afanyeje.

Marahaba mwanangu. Nimecheka kwanza, nisamehe, halafu nikapata hasira, sio na wewe, na huyo dalali. Yeye akishakula mwezi wake mmoja anasepa, wewe ndo unabaki kuitwa mke wa fulani kila ukitoka kuanika nguo, na huyo mama anaishi hapohapo getini, wiki haiishi atakuwa kashajua kila kitu.

Ila hata tukiweka aibu pembeni, piga hesabu ya hela. Miezi 6 ni 420,000, weka 70,000 ya dalali inakuwa 490,000. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni 10,000 kwa siku na humohumo ule na ulale, kwa hiyo hiyo ni hela yako ya siku 49. Sawa, mnagawana nusu kwa nusu, lakini mkataba utaandikwa jina la nani? La huyo "mume" bila shaka. Siku mkigombana, au akapata mchumba wa kweli (na atapata tu), unatoka na begi lako na huna hata karatasi ya kuonyesha kwamba ulitoa senti. Huyo kijana simjui, labda ni mtu mwema kabisa, ila alivyokubali haraka vile mimi sijapenda, nasema ukweli.

Nenda kwa huyo mama wewe mwenyewe, bila dalali kukusemea, vaa vizuri, msalimie, mwambie ni mwanafunzi. Wenye nyumba wengi wanaokataa wanachuo washaumizwa: muziki usiku kucha, watu sita kwenye chumba cha mmoja, likizo ikifika mtu kahama na deni la umeme. Mwambie mzazi wako atampigia. Kama unasali mahali, omba mama mmoja wa jumuiya aende na wewe, Moshi hapa mtu anayejulikana akisema "huyu ni wetu" mlango unafunguka. Halafu omba ulipe miezi 3, mweleze kabisa kwamba boom inaingia kwa awamu. Anaweza kukataa, na ni haki yake.

Akikataa ongea na wa mwaka wa mwisho, vyumba vizuri vinarithiwa, mtu anamaliza anamwambia mwenye nyumba kuna mdogo wangu anakuja, dalali hata hasikii. Angalia na vyumba vya Rau, au Pasua kama unaweza kuvumilia kupanda gari mbili.

Na popote utakapopata usitoe hata mia kabla hujaingia ndani. Fungua bomba, uliza maji yanatoka siku gani. Angalia mita ya umeme ya LUKU, ni yako au mnachangia, maana kuna nyumba vyumba vinne mita moja, na chumba kimoja wana jiko la umeme wanachemsha maharage, na mchango mnatoa sawa. Kodi mkabidhi mwenye nyumba mkononi, mkataba uwe na jina lako, upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri.

Huyo rafiki anayekubeba naye mfikirie, mwambie tarehe ya kuondoka hata kama ni ya kukisia, na nunua mchele na sabuni bila kusubiri akuombe, kitanda cha futi tatu kinavunja urafiki mwanangu.

Mkaka mwambie kwa upole umeghairi, usimpe maelezo marefu. Dalali akipiga tena mwambie amtafutie huyo mkaka bibi harusi mwingine.