Kumjibu mzazi aliyekuja juu

Mwalimu pole sana, voisi ya saa nne usiku mzazi anafoka eti humfundishi mwanae hesabu inauma, hasa ukiwa umeshinda na chaki tangu asubuhi. Ila usimjibu usiku huohuo. Andika tu "Mama nimekusikia, kesho nitakujibu vizuri" kisha zima data ulale.

Mi nafundisha la saba huku Chamwino, Dodoma, msimu wa kuvuna alizeti watoto wanapotea darasani na wazazi wengine hata hawajui, mtoto anaaga anaenda shule kumbe yuko shambani kwa watu anatafuta hela ya daftari. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote nafungua daftari la mahudhurio kwanza. Meseji yangu inakuwaga hivi: "Habari za asubuhi mama. Asante kwa kufuatilia, kijana anaelewa vizuri hesabu za sehemu ila wiki mbili hizi amekosa siku 4, ndo tulikuwa kwenye hesabu za asilimia. Naomba uje Alhamisi saa nane tukae naye wote watatu." Basi. Usiweke "kama nilivyokwambia", hilo neno linawasha moto jamani, na herufi kubwa tupu mtu anaona unamgombeza.

Halafu mjibu inboksi, sio kwenye grupu la wazazi, hata kama yeye alianzia huko. Na mwalimu mwenzio akikukwaza ni hivyohivyo, mfuate stafu, ofisi ya walimu, mkiwa wawili.