ATF kwenye giaboksi ya CVT ya Nissan Note
Fundi akitaka kukumwagia ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwenye Note yenye CVT, mkatalie. Note ya toleo la E12 yenye CVT hutumia oili ya NS-3. Toleo la kabla yake, E11 ya CVT, ndilo la NS-2. Kijitabu kilichokuja na gari kimejaa Kijapani, lakini herufi hizo utazitambua. Ndani ya CVT kuna ukanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili ukanda ushike bila kuteleza. ATF haina mshiko huo: ukanda unateleza, puli inakwaruzika, gari linaanza kuvuma na kukurupuka, na hapo unatafuta giaboksi nyingine.

Ukifungua nati ya chini hutoka lita 3 hadi 4 tu, nyingine hubaki ndani. Pima iliyotoka, rudisha kiasi kile kile, badilisha na washa (pete) ya nati. Kipimo cha mwisho kifanywe oili ikiwa na moto na injini inanguruma. Sampo (karai la chini ya giaboksi) ikifunguliwa, angalia sumaku iliyo ndani: tope jeusi laini ni kawaida, vipande vinavyong'aa ni habari mbaya.

Kubadilisha oili kila kilomita 40,000 kunatosha. Anayepanda mlima kama Nyang'ori kila siku na mzigo apunguze kilomita hizo, maana joto ndilo linaloua hiyo oili. Na kama ATF imeshaingia, usiliendeshe. Imwagwe, na oili sahihi (NS-3, au NS-2 kwa E11) ibadilishwe mara mbili au tatu, kwa sababu mara moja haimalizi.