Fidla nyingi za La Calisto ya 1971 ni za Leppard, si za Cavalli

Ukisikiliza rekodi ya 1971 ya La Calisto, opera ya Mwitalia Francesco Cavalli, unaweza kujiuliza kama fidla zote zile aliziandika yeye. Hapana, hakuziandika. Wingi huo wa fidla ni kazi ya kondakta Raymond Leppard, aliyeiandaa opera hii kwa ajili ya Glyndebourne, tamasha la opera la Uingereza, mwaka 1970, kisha akairekodi na okestra ya London Philharmonic. Muswada wa zamani uko maktaba ya Marciana, Venice, na sehemu kubwa yake ni mistari miwili tu: mwimbaji juu, besi chini. Fidla huingia hapa na pale, zaidi mwimbaji anaponyamaza. Ilipotolewa 1651 ilikuwa kwenye ukumbi mdogo, Sant'Apollinare, na wapigaji wa kuhesabika.

Leppard pia alikata kweli kweli: dibaji na sehemu tatu zikawa sehemu mbili. Kwa hiyo ukifuatilia na libreto (kitabu cha maneno ya opera) kamili ya Faustini, mwandishi wa maneno hayo, utapotea njiani, tafuta iliyochapwa pamoja na rekodi yenyewe.

Bado inafaa kusikilizwa, hasa kwa mwimbaji Janet Baker. Anaimba Diana halisi, mungu wa kike wa uwindaji, na pia Jove, mfalme wa miungu, aliyejigeuza Diana ili amlaghai msichana Calisto (anayeimbwa na Ileana Cotrubaș). Sauti ni ileile, lakini yule wa bandia utamsikia ana uchu. Kwenye rekodi ya kondakta René Jacobs ya miaka ya 1990, mwanamume anayeimba Jove ndiye anayebana sauti aimbe kama mwanamke. Kichekesho kinakolea, utamu unapungua.

Ila usimchukue Jacobs kama kipimo cha usahihi. Naye ameongeza ala zake.