Oili ya giaboksi ya otomatiki inabadilishwa, ila ina utaratibu wake

Mkuu, umeuliza jambo linalowatesa wengi hapa mjini. Umenunua Toyota IST ya 2004, asubuhi inachelewa kushika gia ukiweka D, ile ya kwenda mbele. Fundi mmoja kakwambia oili ya giaboksi haiguswi maisha, mwingine anataka kuimwaga yote na kuisafisha kwa mashine. Mimi natumia Premio ya 1.5, Mbezi hadi Posta kwa Morogoro Road kila siku ya kazi, na giaboksi ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Nitakujibu kwa ninayoyafanya.

Oili inabadilishwa. Hayo ya "haiguswi" yametokana na watengenezaji kuandika kwenye vitabu vya gari kwamba kwa matumizi ya kawaida si lazima. Lakini vitabu hivyo hivyo huwa vinataja matumizi magumu, na foleni ya Ubungo mwezi wa pili, AC imewashwa, gari inatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ni matumizi magumu kabisa. Kinachoua oili ya giaboksi ni joto. Ikipikwa muda mrefu inakuwa nyeusi, inapoteza uwezo wa kubeba presha na kulinda klachi za ndani, ndipo gari inapoanza kuchelewa na kuteleza. Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, na kwa gari ambayo historia yake huijui, anza sasa.

Ila kwanza pima, kwa sababu kuchelewa kushika gia mara nyingi ni oili kupungua tu. Endesha mpaka ipate moto, egesha sehemu tambarare, acha injini inaunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka mwisho, rudisha P. Sasa chomoa stiki ya giaboksi, si ya injini, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe, ichomoe tena. Soma alama ya moto, si ya baridi. Kisha dondoshea kwenye tishu nyeupe. Nyekundu au kahawia ya wastani, sawa. Nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeshaanza kuliwa. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, zima gari na usiiendeshe tena, maji yameingia.

Hapo kwenye maji nikae kidogo. Kwenye Toyota hizi, oili ya giaboksi inapoozwa kwenye bomba lililopita ndani ya rejeta. Sasa sisi Dar tunajaza rejeta maji ya kisima, ya chumvi, tunaona coolant ni anasa. Chumvi inakula chuma taratibu, siku bomba likitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi na gundi ya klachi inaachia. Watu wanazika giaboksi nzima huku aliyeiua ni rejeta. Ukikuta oili ya hivyo, rejeta ibadilishwe kabla hujagusa kingine. Na wanaokatiza Jangwani mvua ikinyesha wajue giaboksi ina tundu la kupumulia, maji yakilifikia yanaingia vile vile.

Turudi kwenye kubadilisha. Ukifungua nati ya chini inatoka chini ya nusu, nyingine imebaki kwenye toki konveta, lile duara zito kati ya injini na giaboksi. Kwa hiyo mwaga, pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, tembea wiki kadhaa, rudia. Mara ya pili au ya tatu inakuwa karibu yote ni mpya. Kwa gari isiyojulikana historia yake siungi mkono mashine ya kusukuma kwa presha, inaweza kuamsha uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijitundu vya valvu.

Mwambie fundi afungue na sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, abadilishe chujio na gasketi, na wewe usimame hapo hapo. Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo. Ikiwa na tope laini la kijivu ukilisugua kwa vidole halichomi, huo ni uchakavu wa kawaida, ifute irudi. Ukikuta vipande vinavyometa au vijiti vya chuma, oili mpya haitaponya kitu.

Aina ya oili ndiyo wengi wanapokosea. Ukifika Kariakoo ukasema "nipe haidroliki," utapewa chochote chekundu. IST yako yenye gia nne inataka oili ya Toyota iitwayo T-IV, itaje kwa jina. Vitz za CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua), X-Trail za T31 na Honda za CVT zina oili zao za CVT, maana ndani kuna mkanda wa chuma unaobana kwenye puli, na ukiweka ATF, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda utateleza na kukwaruza puli. Mwenye Subaru Forester ya otomatiki naye asimamie fundi wake: difu ya mbele, gia zinazogawa nguvu kwa matairi, ina oili yake na stiki yake, na wapo waliomwaga ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakajaza injini mara mbili.

Kama gari inagonga tu ukiweka D au R lakini haitelezi, angalia mauntingi za injini, raba zinazoishikilia, kabla ya kukubali bei ya giaboksi. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikipepesa yenyewe, kapime kwa mashine usome kodi za hitilafu, inaweza kuwa solenoidi moja tu, yaani valvu ya umeme.

La mwisho, ikizimika njiani usikubali kuvutwa kwa kamba. Injini ikiwa imezimwa pampu ya giaboksi haizunguki, na matairi ya mbele yakiburutwa gia zinazunguka bila oili. Ita breakdown, gari la kuvuta, inyanyuliwe mbele, na kama ni ya 4WD, inayosukumwa na matairi yote manne, ipakiwe nzima.

Pima kesho jioni ukitoka kazini ikiwa ya moto, uweke hapa picha ya hiyo tishu pamoja na kilomita zako, tukwambie kama ni ya kumwaga au ya kupeleka kwa fundi wa giaboksi.